DAMU INAYOPOTELEA KATIKATI
Tuijue kamera inayochungulia utumbo mwembamba



Katika kazi yetu ya kutembelea wagonjwa nyumbani, kuna mama mmoja ambaye hatutamsahau. Ni mkulima, ana miaka 58, na ni mwanachama wa kikundi chetu cha ushonaji. Mwaka wa 2022 alianza kuchoka bila sababu. Akipanda kilima kutoka mtoni na jerikeni ya maji, anaketi mara tatu njiani. Viganja vyake na macho vikawa vyeupe. Alipopimwa, damu yake ilikuwa 5, na mwanamke wa rika lake anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Akaongezewa damu hospitalini, akarudi nyumbani na nguvu zake. Baada ya miezi michache, akawa vilevile. Aliongezewa damu mara nne katika muda wa miaka miwili.

Ninyi mnajua maneno ya vijijini. Wa kwanza alisema ni ukimwi. Akapimwa, hana. Wa pili akasema amerogwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mzee wake akaanza kuulizia mganga. Madaktari nao walikuwa wamepitisha kamera mdomoni hadi tumboni, hawakuona kidonda. Wakapitisha nyingine kutoka chini hadi utumbo mpana, hawakuona kitu. "Mama, juu ni safi, na chini ni safi," akaambiwa.

Basi damu inaenda wapi? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Jibu lake liko katikati, mahali ambapo kamera hizo mbili hazifiki.

KATI YA JUU NA CHINI KUNA NINI?

Chakula kikitoka tumboni huingia kwenye utumbo mwembamba. Huu ndio unaomeng'enya chakula na kukipeleka kwenye damu. Kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6, nao umekunjwakunjwa ndani ya fumbatio kama kamba iliyotupwa kikapuni. Ukiisha, ndipo utumbo mpana unapoanza.

Kamera ya kawaida ya mdomoni huishia mwanzo kabisa wa utumbo mwembamba. Kamera ya kutoka chini huzunguka utumbo mpana wote na kuchungulia kidogo tu mwisho wa utumbo mwembamba. Mita zote za katikati hubaki gizani. Wagonjwa wengi wanaovuja damu tumboni wana shida juu au chini, na hizo kamera mbili hutosha. Lakini wachache, kama 5 hadi 10 katika kila 100, huvuja damu kutoka hapo katikati.

Huko kuna magonjwa gani? Kuna vishipa vya damu vilivyopanuka na kuwa dhaifu, hasa kwa wazee. Kuna vidonda, uvimbe wa kawaida, na uvimbe wa saratani. Kifua kikuu nacho hakikai kifuani peke yake, huweza kushika utumbo, hasa pale mwembamba unapokutana na mpana. Na wako minyoo ya safura, ambao hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu kidogo kidogo.

Kwa nini kamera isisukumwe tu mpaka ifike? Chukua waya laini uusukume ndani ya soksi ndefu iliyokunjika. Waya hautaenda mbele, utajipinda na kuivuta soksi. Utumbo mwembamba haujafungwa imara mahali pamoja, unaelea. Ukiusukuma unanyooka na kusogea, nayo kamera inabaki palepale. Ndiyo maana zamani, kama damu ilizidi kuvuja, njia iliyobaki mara nyingi ilikuwa kumpasua mgonjwa na kuukagua utumbo kwa mikono.

KIDONGE KINACHOPIGA PICHA

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 2000. Gavriel Iddan, mhandisi wa Israeli, pamoja na wenzake, akiwamo daktari Paul Swain wa Uingereza, walitangaza kamera ndogo iliyofungwa ndani ya kidonge. Kina urefu wa milimita 26 na unene wa milimita 11. Mgonjwa anakimeza kwa maji. Kidonge kinasukumwa na utumbo wenyewe kama chakula, huku kikipiga picha na kuzituma kwenye chombo kilichofungwa kiunoni. Baada ya saa 8 hivi, daktari ana maelfu ya picha za kutazama. Kidonge hutoka na haja kubwa, na hakirudishwi.

Hakiumi, wala hakihitaji dawa ya usingizi. Lakini kina mipaka yake. Kinaona tu, hakiwezi kukata kipande cha nyama cha kupimwa wala kuziba mahali panapovuja. Tena kama utumbo umebanwa mahali, kidonge kinaweza kukwama hapo. Kwa hiyo mwambie daktari kama uliwahi kupasuliwa tumbo, au kama chakula hukwama na tumbo kujaa na kukusokota. Na usikubali kuingia kwenye mashine ya MRI kabla ya kuhakikisha kidonge kimetoka.

KAMERA YENYE BALUNI MBILI

Mwaka wa 2001 daktari Hironori Yamamoto wa Japani na wenzake walieleza njia ya pili. Madaktari huiita enteroskopi ya baluni mbili. Kuna pia aina ya baluni moja iliyokuja baadaye, na kazi yake inafanana.

Kifaa chenyewe ni kamera nyembamba yenye urefu wa mita 2. Juu yake limevishwa bomba laini ambalo ni fupi kuliko kamera. Kwenye ncha ya kamera kuna baluni ndogo, na kwenye ncha ya bomba kuna nyingine. Daktari huzijaza hewa na kuzitoa hewa kwa zamu. Baluni ikijaa, inashika ukuta wa utumbo kwa upole, bila kuuminya sana.

Hatua zinakwenda hivi:

1. Kamera na bomba huingizwa. Baluni ya bomba inajazwa hewa ili ishike utumbo usiteleze.

2. Kamera inasukumwa mbele kadiri inavyoweza kwenda. Halafu baluni ya kamera inajazwa hewa, nayo inashika huko mbele.

3. Baluni ya bomba inatolewa hewa, bomba linasogezwa mpaka liifikie ncha ya kamera, kisha baluni yake inajazwa tena.

4. Sasa baluni zote mbili zimeshika. Daktari anavuta vyote viwili nyuma polepole, na utumbo unajikusanya juu ya bomba.

5. Baluni ya mbele inatolewa hewa, kamera inaendelea mbele. Kazi inaanza upya.

Daktari alipomweleza mama yetu mambo haya, sisi tuliokuwa tumemsindikiza hatukuelewa vizuri. Yeye alielewa mara moja. Akasema, "Daktari, kumbe ni kama kutia lastiki kwenye kiuno cha sketi!" Naam, ni hivyo. Unapopitisha lastiki kwa pini, husukumi pini mpaka mwisho. Unasukuma kidogo, unashika kitambaa, unakivuta nyuma, kinajikunja juu ya lastiki. Ndivyo lastiki fupi inavyopita kwenye kitambaa kirefu, na ndivyo kamera ya mita 2 inavyoweza kukagua utumbo wa mita nyingi.

Uzuri wa kamera hii ni kwamba ndani yake kuna kijia cha kupitishia vyombo. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, kuchoma mshipa unaovuja, kufunga kidonda kwa kibanio kidogo, kukata uvimbe mdogo, hata kutoa kidonge cha kamera kilichokwama.

Kifaa huingizwa kwa mdomo au kwa njia ya haja kubwa, kufuatana na mahali penye shida. Mara nyingine hutakiwa njia zote mbili, kila moja siku yake. Safari ya kwanza ikiishia njiani, daktari hudunga alama ya wino kwenye ukuta wa utumbo. Akija kutoka upande wa pili na kuiona alama ile, anajua amekagua wote. Si kila mara anafika, na mgonjwa anafaa kuambiwa hivyo mapema.

KUJIANDAA NA SIKU YENYEWE

Kwa njia ya mdomo, mgonjwa hakai na chakula tumboni. Kwa kawaida hali kitu tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa njia ya chini, hunywa dawa ya kuharisha ili utumbo uwe safi, na hapo anahitaji choo kilicho karibu. Msimpandishe matatu ya safari ndefu baada ya kunywa dawa hiyo! Wanaotoka mbali watafute mahali pa kulala karibu na hospitali.

Vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma, kwa kawaida husimamishwa kama wiki moja kabla, kwa sababu huacha uchafu mweusi unaoziba kamera. Mwenye sukari, mwenye shida ya moyo au mapafu, na anayetumia dawa za kufanya damu isigande, amwambie daktari mapema. Lakini asisimamishe dawa hizo mwenyewe. Kama glavu za mpira hukuwasha, sema pia, kwa maana baluni nyingine hutengenezwa kwa mpira huo.

Siku yenyewe mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Kazi inaweza kuchukua saa moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Akiamka, koo linaweza kuwasha na tumbo kujaa hewa, nayo huisha. Asirudi nyumbani peke yake, asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo, wala asitie sahihi kwenye karatasi za shamba au mkopo.

HATARI ZAKE

Hatupendi kuwaficha watu. Shida kubwa hutokea kwa kama mgonjwa 1 kati ya 100, pungufu kwa wanaotazamwa tu, na zaidi kwa wanaokatwa uvimbe mkubwa. Utumbo unaweza kutoboka au kuvuja damu. Wanaopitishiwa mdomoni, wachache sana huvimba kongosho. Kwa hiyo mgonjwa akipata maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, homa, au damu nyingi chooni, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo. Msingoje kupambazuke.

ALICHOKUTWA NACHO MAMA YETU

Mwaka wa 2024 mama huyu alipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, mbali na kwetu. Kidonge cha kamera kilionyesha vidonda kadhaa katikati ya utumbo mwembamba. Je, ni kifua kikuu? Ni saratani? Picha haikuweza kusema. Ndipo akafanyiwa enteroskopi kwa njia ya mdomo. Kidonda kimoja kilikuwa bado kinavuja, kikafungwa kwa kibanio. Vipande vya nyama vikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi, hakukuwa na kifua kikuu wala saratani.

Daktari akaketi naye tena. Akamwuliza, "Mama, unatumia dawa gani?" Akajibu, "Hakuna, ni hizi za damu tu." Daktari akauliza kwa namna nyingine: "Ukiumwa na goti au mgongo, unameza nini?" Hapo mama akafungua mkoba, akatoa karatasi ya vidonge vya diklofenaki. Alikuwa akivimeza asubuhi na jioni tangu mwaka wa 2021. Kwake yeye hiyo haikuwa dawa, ilikuwa "ya goti."

Na hapa lazima tukiri. Vidonge vile tulikuwa tukimnunulia sisi. Kila mwezi tulitoa pesa kidogo kwenye mfuko wa wagonjwa wa ofisi yetu, tukanunua kwenye duka la dawa, tukampelekea nyumbani, naye akatushukuru. Tulidhani tunamsaidia. Kumbe kila mwezi tulikuwa tunampelekea vidonda, na baadaye tunamchangia pesa za damu.

Dawa za maumivu za kundi hilo, yaani diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zake, zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kutoboa vidonda si tumboni tu, bali hata kwenye utumbo mwembamba. Hatusemi watu wakae na maumivu. Tunasema zisinunuliwe mwezi baada ya mwezi bila daktari kujua. Na aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kuuliza.

KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Kosa letu la pili lilikuwa la haraka. Tulifanya harambee kabla hatujauliza lolote. Pesa ya kwanza iliishia kwenye kamera ya mdomoni iliyorudiwa katika hospitali nyingine, kwa sababu hatukubeba karatasi za majibu ya kwanza. Ni kweli wakati mwingine daktari huirudia kwa sababu nzuri, maana kidonda kinaweza kupitwa na macho. Lakini irudiwe kwa sababu hiyo, isiwe kwa sababu karatasi zimebaki kwenye sanduku nyumbani.

Uchunguzi wa utumbo mwembamba haupatikani katika hospitali nyingi, na ni wa gharama. Si wa kila mwenye kuumwa tumbo. Basi, mkiwa na mgonjwa anayeishiwa damu mara kwa mara, fuateni utaratibu huu:

1. Anzeni karibu. Apimwe choo kwa minyoo katika dispensari, atibiwe, na nyumba nzima itumie choo na kuvaa viatu. Safura hutibika kwa vidonge vya bei nafuu. Kwa mwanamke, aulizwe pia kuhusu damu nyingi za mwezi.

2. Angalieni choo. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka vibaya, ni dalili ya damu. Lakini kumbukeni kwamba vidonge vya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi. Mwambieni daktari kama anavimeza.

3. Andikeni orodha ya kila anachomeza: cha hospitali, cha dukani, cha sokoni na cha mitishamba. Au wekeni vyote kwenye mfuko mmoja mwende navyo.

4. Kamera ya mdomoni na ya chini zitangulie. Zisipoonyesha kitu na damu bado inapotea, ndipo mwulize: "Daktari, je, utumbo mwembamba umechunguzwa?" Hilo ni swali la heshima, hakuna daktari mwema atakayelikataa.

5. Kabla ya kusafiri, pigeni simu au tumeni mtu. Kifaa kipo? Kinafanya kazi? Siku gani? Jumla ya gharama ni kiasi gani, pamoja na dawa ya usingizi na vipimo vya maabara? Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya umma iko chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Ulizeni italipa nini na mtabaki na nini, na mwombe barua ya rufaa.

6. Wekeni karatasi zote kwenye bahasha moja. Bahasha hiyo ni ya thamani kama hati ya shamba.

7. Mgonjwa akizimia, akitapika damu, au moyo ukimwenda mbio hata akiwa ameketi, msitafute orodha hii. Mpelekeni hospitali iliyo karibu.

LEO HALI IKOJE?

Mama yetu ameacha vidonge vile. Goti lake linatibiwa kwa njia nyingine, pamoja na mazoezi aliyofundishwa hospitalini. Damu yake ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 11, na hajaongezewa damu tena tangu uchunguzi ule. Bado anakwenda kliniki, kwa sababu vidonda hufuatiliwa. Maji sasa anachotewa na wajukuu, lakini kilima anapanda mwenyewe bila kuketi.

Jirani aliyesingiziwa uchawi bado hazungumzi na mzee wa nyumba ile. Jeraha hilo hakuna kamera inayolifikia, tunaendelea kuwakutanisha. Na sisi ofisini tumebadilisha utaratibu. Hatununui tena dawa ya maumivu ya mwezi mzima bila karatasi ya daktari, na tunapomtembelea mgonjwa, kabla ya kuuliza anahitaji nini, tunamwomba kwanza atuonyeshe anachomeza.